Madebe Manne ya Mtama Mwekundu

Mlioniacha Jumamosi iliyopita nimeingiza kichwa ndani ya kihenge, nakwangua vumbi la mtama kwa kucha, mnajua nilikuwa namtafutia nani chakula. Aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza nitamweleza kwa kifupi, kisha twende.

Mimi ni Paskalia. Niliolewa katika kijiji kimoja kati ya Ushirombo na Runzewe, kwa Telesphori, mwana wa Scolastika. Mwaka wa arobaini na nane mvua ilituhadaa. Ilikuja mapema, mwisho wa Septemba, mvua nzito ya kujaza mitaro. Tukapanda. Mtama ukachipua, shamba likapendeza kulitazama.

Basi kila mwenye nafaka ya zamani akasema, hii ya nini tena, ngoja niiuze kihenge kipate nafasi ya mpya. Wakauza wote kwa pamoja. Bei ikaporomoka mpaka debe la mtama likawa linabadilishwa kwa kuku wawili, tena kuku wembamba.

Mume wangu naye akauza. Akanunua baiskeli.

Novemba mvua ikakatika. Mtama ukakaukia magotini. Tukapanda tena, ukakaukia kwenye kifundo cha mguu. Debe likatoka kwenye kuku wawili likawa mbuzi. Halafu mbuzi mmoja akawa hatoshi. Siku ya Krismasi tulikula michembe, viazi vya kukausha vya miaka miwili, vigumu kama maganda ya mti, na tulishukuru.

Telesphori aliona aibu kututazama. Akaenda Geita kwenye mgodi wa dhahabu, akaahidi kuwa posho ya unga anayopewa kule atatuma nusu. Haikufika hata konzi moja.

Tulibaki wanne nyumbani: mama mkwe Scolastika, shemeji yangu Bartholomeo, mimi, na mwanangu Justina wa miaka minne, ambaye miguu ilikuwa imeanza kuvimba.

Na baiskeli.

"Mayu, leo tupike gurudumu la mbele au la nyuma?" Mama mkwe aliniuliza hivyo kila asubuhi. Kwetu mayu ni mama, na mkwe akikuita hivyo anakupenda. Lakini nilijua maneno yale hayakunilenga mimi, yalimlenga mwanawe, na mwanawe hayupo.

Sasa tuendelee.

Asubuhi moja ya Februari nilimwinua Justina kumpeleka nje, nikambonyeza kidogo mguuni kwa kidole. Shimo la kidole likabaki pale pale. Nililitazama. Halikurudi.

Nikaenda zizini.

Zizini tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, mtamba wangu. Baba yangu alinipa akiwa ndama, siku ya Pasaka, nami nikamwita jina hilo hilo. Pasaka hakuwa amezaa bado. Nilikuwa nimemwekea ndoto nyingi yule mnyama kuliko nilizojiwekea mwenyewe.

"Mayu," nikamwambia mama mkwe, "nampeleka Pasaka Runzewe."

Alikuwa amekaa mlangoni anachambua majani ya kunde yasiyokuwepo, mikono tu inakwenda.

"Mwezi uliopita wangekupa magunia mawili," akasema. "Juzi nimesikia gunia moja. Ukikawia utapewa kikapu na pole. Nenda. Lakini Bartholomeo aende nawe, ng'ombe hauzwi na mwanamke peke yake."

Hilo ndilo jambo lililotumaliza, na asiye wa kwetu lazima nimweleze. Kwetu mwanamke anaweza kuwa na mtamba wake, akamchunga, akamtibu, akalala naye zizini anapougua. Kumkabidhi kamba mnunuzi hawezi. Kamba hukabidhiwa na mwanamume wa mji ule. Mnunuzi mwenye akili hapokei kamba mkononi mwa mwanamke, kwa kuwa kesho mume anakuja na wazee na kusema ng'ombe wangu aliibwa.

"Shemeji, wewe tangulia taratibu na mnyama," Bartholomeo akaniambia. "Mimi nina baiskeli. Nitakukuta njiani kabla hujatoka jasho."

Alikuwa kijana mwepesi wa maneno, ana miaka ishirini, hajaoa. Nikamwamini. Nikashika kamba nikatoka.

Mwisho wa kijiji nikapita kwa Febronia, jirani yangu. Yeye alikuwa mtu wa kucheka hata tumbo likiwa limeshikana na mgongo.

"Mama Justina! Unampeleka wapi bibi harusi?"

"Runzewe."

"Ungengoja mtama wa serikali." Akacheka. "Au umesahau baraza?"

Sikuwa nimesahau. Wiki mbili kabla yake bwana shamba alikuja akatukusanya. Alisema mvua ikirudi Februari tutaweza kupanda mtama wa muda mfupi, na kwamba mbegu inakuja kwa lori, mbegu ya bure. Ila imetiwa dawa ya kuzuia ugonjwa. Hailiwi. Ni sumu kwa mtu na kwa mnyama.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, kama kawaida yangu. Sikuuliza neno. Mambo ya kuuliza aliyafanya Febronia.

"Bwana shamba, watuletea mtama halafu watuambia tusiule? Si ungemleta simba ukatuambia tumpapase!"

Watu walicheka mpaka bwana shamba mwenyewe akacheka. Lori lenyewe halikuja. Wiki ikapita, na nyingine. Wengine wakasema limekwama, wengine wakasema halikuwepo. Kwetu nilikwenda mimi tu, na nyumbani sikusimulia lolote. Mbegu yenyewe haikuja, ningesimulia nini?

"Nitakuletea konzi ya mtama, Febronia," nikamwambia.

"Wabeja sana," akashukuru. "Kama siyo konzi, basi hata harufu."

Nikaenda.

Runzewe nilifika jua likiwa halijawa kali. Mbele ya duka la Valerian kulikuwa na foleni ya watu na ng'ombe, na kila ng'ombe mbavu zake waweza kuzihesabu ukiwa mbali. Valerian alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, shati lake limepigwa pasi. Alikaa kwenye kiti barazani, na kiti hakikuwa kimetazama foleni. Kilitazama kaskazini.

Nilisimama nyuma ya mzee mmoja mwenye maksai wawili. Aliitwa Athanas.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti. Umeona kiti kile?"

"Nimekiona."

"Anatazama upande wa ziwani. Wingu likikaza kule, anaogopa mvua itakuja na mtama wake utamdodea. Hapo anatoa gunia. Wingu likitawanyika, anakumbuka kuwa sisi tuna njaa." Mzee akatema mate. "Omba liendelee kukaza mpaka zamu yako."

Nikatazama kaskazini. Kulikuwa na wingu kweli, zito, la rangi ya majivu. Moyo ukanidunda kwa furaha. Valerian alikuwa ameliona pia, akawa anatikisa mguu.

"Twende, twende!" akawa anaita watu. "Gunia moja kwa ng'ombe, anayetaka leo achukue!"

Gunia zima! Madebe sita ya mtama mweupe! Nikapiga hesabu ya Justina mpaka mwezi wa nne.

Zamu yangu ikafika. Bartholomeo hajafika.

"Mtamba mzuri," akasema Valerian. Akamshika Pasaka mdomo, akatazama meno. "Gunia moja. Nani anakabidhi kamba?"

"Shemeji yangu. Yuko njiani."

"Mume?"

"Geita."

"Binti, njiani siyo mtu. Nilishapokea kamba kwa mwanamke mwaka jana, nikaitwa barazani kwa mtemi kama mwizi. Sirudii."

Mzee Athanas akaniinamia sikioni. "Nikwambie neno? Niseme mimi ni baba mdogo wa mumeo. Nitashika kamba, nitaikabidhi, utakwenda na gunia lako. Nani atajua?"

Lilikuwa neno moja tu. Ndiyo. Ningelitamka, leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Lakini watu walikuwa wananitazama, Valerian ananitazama, na mimi tangu utotoni macho ya watu yakinielekea ulimi unaganda. Niliacha shule darasa la tatu kwa sababu hiyo hiyo, mwalimu alikuwa anatusimamisha mbele kusoma.

Nikainamisha kichwa.

"Kaa pembeni basi umsubiri huyo shemeji," akasema Valerian. "Anayefuata!"

Nikakaa pembeni na Pasaka. Mzee Athanas alipakia magunia yake mawili kwenye mkokoteni, akanipungia mkono, akaondoka. Nikabaki natazama barabara kwa jicho moja na wingu kwa jicho la pili.

Upepo ukabadilika.

Ulianza mdogo, wa kupeperusha makapi mbele ya duka. Halafu wingu likaanza kutoboka katikati. Mtu mmoja kwenye foleni akasema "aa!" kwa sauti ya kuumia. Vipande vikaenda huku na huku. Jua likapiga uwanja mzima.

Valerian akaacha kutikisa mguu. Akaagiza chai.

"Bei?" mtu akauliza.

"Madebe matatu kwa ng'ombe."

"Sasa hivi ilikuwa gunia!"

"Sasa hivi kulikuwa na wingu."

Bartholomeo alipotokea, madebe matatu yalikuwa yameshakuwa mawili. Alikuja anaisukuma ile baiskeli, anahema, gurudumu la nyuma limejazwa nyasi badala ya mpira wa ndani.

"Pancha, shemeji! Mara mbili! Nimeshindilia nyasi mpaka nimekata bonde zima. Gunia liko wapi?"

Nilimwonyesha mbingu.

Alikwenda kugombana na Valerian. Bartholomeo hakuwa na haya, tena alikuwa na kelele.

"Bwana, asubuhi umesema gunia! Shemeji yangu alikuwepo, ng'ombe alikuwepo!"

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilipata pancha!"

"Basi mdai baiskeli."

Watu wakacheka. Bartholomeo akaguna kama amepigwa. Mimi nilikuwa naifikiria ile asubuhi, shimo la kidole kwenye mguu wa mtoto. Madebe mawili. Sisi ni wanne. Yangefika wapi?

Machozi yakanitoka bila sauti. Pasaka akanilamba mkono kwa ajili ya chumvi.

Nadhani hilo ndilo aliloliona Valerian. Akashuka barazani akatujia, akasema kwa upole, "Mama, usilie mbele ya duka langu. Njooni nyuma."

Nyuma kulikuwa na ghala dogo la mabati. Akafungua.

"Mweupe ni madebe mawili, siwezi kuongeza, nitaua biashara. Lakini nina mwekundu. Watu hawaupendi, wanasema ni wa pombe. Nitawapa madebe manne."

"Manne?" Bartholomeo akaruka. "Mwekundu una nini? Tumboni kuna giza, tumbo halioni rangi!"

Ni kweli kwetu mtama mwekundu upo, na watu huupikia pombe, na siku za shida ugali wake unalika, ni mchungu kidogo tu. Hakuna aliyeshangaa kuona mtama mwekundu. Mimi nilishangaa kitu kimoja, harufu. Ghala lile lilikuwa na harufu kali, kama nguo mpya iliyofunguliwa sasa hivi kwenye robota.

Ndani alikuwepo mwanamke anapima, akiitwa Sikujua, mwembamba, mkubwa kwangu kidogo. Viganja vyake vilikuwa vyekundu mpaka kwenye vifundo.

"Umepaka hina, dada?" nikamwuliza polepole.

Akamtazama Valerian. Valerian alikuwa mlangoni.

"Ndiyo," akasema Sikujua. "Hina."

Bartholomeo akashika kamba ya Pasaka, akaitia mkononi mwa Valerian. Ikawa imekwisha. Pasaka akageuza shingo kunitafuta. Nikatazama chini.

Sikujua akapima. Madebe matatu kwenye gunia, moja kwenye debe lenyewe ambalo Valerian alisema tutamrudishia. Valerian alipotoka kumpeleka mtamba zizini, yule mwanamke akainama kama anafunga mdomo wa gunia, akaninong'oneza.

"Mwenzangu, nyumbani una kuku?"

"Nilikuwa nao. Tulibadilisha wote."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Kwa nini?"

"Nilitaka kusema wape kuku kwanza." Akanikazia macho. "Wape kuku kwanza, ndipo mle."

"Dada, tuwape kuku chakula na mtoto ananitazama?"

Akafumbua mdomo. Valerian akarudi. Akaufumba.

Nilidhani ananitania. Au ananitakia mema, kuwa nianze tena kufuga. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Tulifunga gunia nyuma ya baiskeli.

"Shemeji, kimbia," nikamwambia Bartholomeo. "Mpe mayu asage kidogo, wapike leo hii. Mimi nitakuja na debe hili kwa miguu. Usinisubiri."

"Kwa gurudumu la nyasi nitapepea kama kware!" Akachota konzi kwenye gunia, akatupia mdomoni, akatafuna. "Mchungu," akasema, akacheka, akachota tena. Akaondoka.

Nikajitwika debe. Njia nzima nilikuwa naimba kimoyomoyo. Mtu aliyekata tamaa akipata madebe manne alipotegemea mawili, haulizi. Sikuuliza. Nilikuwa namwona Justina na bakuli.

Nusu ya njia nikasikia radi.

Nikageuka. Kaskazini, pale pale lilipotawanyika lile wingu la asubuhi, kulikuwa na lingine, jeusi, limeshuka mpaka kwenye miti. Halikuwa na nia ya kutawanyika. Upepo wa baridi ukanipiga mgongoni, una harufu ya udongo uliolowa.

Nikacheka peke yangu barabarani kama mwendawazimu. Nikawaza, Valerian sasa hivi anatikisa mguu! Sasa hivi anaita watu, gunia, gunia! Na mimi mtamba wangu ameshakwenda. Lakini sikujali. Mvua ni mvua.

Ikanikuta karibu na kijiji. Si manyunyu, ilikuwa mvua ya kumwagwa. Watu wakatoka nyumbani mwao wakasimama nje wamekinga mikono, wanawake wakapiga vigelegele, mzee mmoja akavua shati. Debe halikuwa na mfuniko, nilikuwa nimelifunika kwa khanga tu, nalo chini lilikuwa na tundu la msumari lililozibwa kwa sabuni. Nikaona maji yananitiririka usoni, nikayapangusa nikiendelea kwenda.

Nikafika kwa Febronia. Alikuwa anacheza uani kwake, matope mpaka magotini.

"Mama Justina! Mvua! Umetuletea—"

Akakoma. Akashika mdomo.

"Paskalia. Damu."

"Wapi?"

"Usoni. Shingoni. Nani amekupiga?"

Nikajitazama. Blauzi yangu nyeupe ya kanisani ilikuwa nyekundu mpaka kiunoni. Mikono ilikuwa myekundu. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye tundu la debe, yananipita kwenye paji la uso, mekundu, mazito. Hakuna mahali palikuwa pananiuma.

Nikalamba mdomo. Uchungu ule haukuwa wa mtama. Ulikuwa wa dawa ya dukani, uchungu wa kuganzisha ulimi.

Mtama mwekundu ukilowa hautoi rangi hivyo. Niliulowesha tangu utoto kwa ajili ya pombe ya baba, nilijua.

Ndipo nikaona vyote kwa pamoja, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Viganja vya Sikujua. Wape kuku kwanza. Lori lililopotea, kumbe lilipakuliwa kwenye ghala la Valerian. Mvua ilipokuwa haipo, nani angeinunua mbegu? Lakini chakula kilikuwa kinanunuliwa kwa ng'ombe. Valerian alikuwa ameiuza mbegu kama chakula siku ya jua kali, na laiti angengoja mpaka jioni hii angeiuza kama mbegu, nasi tungeipanda.

Nikalibwaga debe chini. Likapasuka pembeni, mtama ukamwagika kwenye matope.

Watu wakaja mbio kutoka kila uani. Nafaka imemwagika! Wanawake wakapiga magoti na khanga zao, watoto wakaanza kuokota na kutia mdomoni, udongo na vyote.

"Msile," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Mvua ilikuwa kubwa, na sauti yangu mnaijua.

Nilitaka kukimbia. Nyumbani palikuwa mbele kidogo tu, napaona, moshi unatoka kwenye paa la jikoni. Moshi! Lakini mtoto mmoja miguuni pangu alikuwa amejaza shavu.

Nikavuta pumzi nikapiga ukelele ambao sijawahi kuupiga, hata nilipojifungua.

"MSILE! NI SUMU! NI MBEGU YA BWANA SHAMBA!"

Wakaniangalia wote. Macho yote ya kijiji, usoni kwangu kwekundu.

"Mchoyo!" mwanamke mmoja akasema, hakuacha kukusanya. "Una madebe manne, shemeji yako amepita akijisifu. Unatunyima konzi?"

"Febronia! Waambie! Ulikuwepo barazani!"

Febronia alikuwa amesimama, konzi ya mtama mkononi, ile niliyomwahidi asubuhi. Aliinusa. Kisha akaitupa, akamkamata yule mtoto, akamtia kidole kooni.

"Kimbia, Paskalia!" akanipigia kelele. "Hawa niachie mimi! Kimbia!"

Nikakimbia. Niliteleza, nikaanguka, nikainuka. Uani kwetu ile baiskeli ilikuwa imelazwa kwenye mvua, nyasi zinatoka kwenye gurudumu. Nyuma ya jiko nilisikia mtu anatapika, anatapika bila kupumzika, kama anayetaka kujigeuza ndani nje.

Mama mkwe alikuwa jikoni. Sufuria ya ugali imejaa, imefunikwa, haijaguswa. Akaniona akapiga ishara ya msalaba.

"Yesu! Mayu, umefanywa nini?"

"Mmekula?"

"Hatujala."

Nikashika mlango.

"Tungekulaje bila wewe?" akasema. "Mtamba ni wako, chakula ni chako, wa kwanza kuonja ni wewe. Nimekusubiri. Bartholomeo anatapika huko nyuma, alitafuna mbichi njia nzima, nimemwambia tumbo lenye njaa halitaki pupa." Akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Krismasi. "Kaa nikuoshe hiyo damu."

"Na Justina?"

"Aa, mtoto ni mtoto. Alilia mno aliposikia harufu. Nikamkorogea uji wake pembeni."

Nikaliona bakuli karibu na mafiga. Lilikuwa limelambwa mpaka linang'aa.

"Yuko wapi?"

"Amelala. Alishiba, akalala pale pale. Mwache apumzike, mayu, ni siku nyingi hajalala na tumbo lililojaa."

Nikapita nikaingia chumbani. Mvua ilikuwa inapiga paa la nyasi, na pembeni maji yalikuwa yameanza kudondoka kwenye mkeka. Justina alikuwa amelala chali, mkono mmoja juu ya tumbo. Tone moja lilikuwa linamwangukia shavuni, linadondoka, linadondoka, naye hakugeuza uso.

"Justina," nikamwita.

Nikanyoosha mkono nimguse, nikaona ulivyo mwekundu, nikaurudisha.

Nikamwita mara ya pili, kwa ile sauti niliyoipata barabarani.